Kutoka Getini Hadi Chini ya Meza

Vijana wa chumba cha kompyuta, mmenisumbua wiki nzima niwaandikie mambo ya zamani kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Magoti ndiyo yaliyostaafu, kichwa bado kiko zamu. Nimekaa hapa kwangu Kawempe, Kampala, chai iko pembeni, mume wangu, mzee Okot, anasikiliza redio kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, nami naandika. Vyeo msivitafute humu. Mshahara ndiyo kabisa, tusitiane huzuni. Nitawaandikia miezi mitatu tu, ile ya mwanzo, kwa sababu hiyo mitatu ndiyo iliyonipa miaka mingine yote, na kwa sababu nikiikumbuka hadi leo mwili unanisisimka.

Kabla ya kuwa fundi wenu nilikuwa askari wa geti, hapo hapo chuoni. Msicheke. Baba yangu alikuwa polisi kutoka kaskazini, nikazaliwa na kukulia kambini, ambako amri zote ni za Kiswahili, ndiyo maana Kiswahili changu kinatembea na buti. Vita vilipokwisha na nchi ikaanza kutulia, wasichana wa kambini tuliokosa ada ya shule tulijua kazi moja tu, kulinda. Nikavaa sare ya kampuni ya ulinzi, nikapangiwa geti la chuo cha wauguzi huko juu ya Wandegeya, nikakaa pale miaka tisa nikipekua mikoba. Jina langu ni Akello, lakini hakuna aliyelitumia. Wote waliniita Afande, kuanzia wanafunzi hadi wauza ndizi.

Kompyuta ziliniingia kupitia kitabu cha geti. Sheria yetu ilikuwa kwamba chochote chenye waya kinachoingia au kutoka lazima kiandikwe: jina lake, namba yake, aliyekibeba, saa. Na mashine za chuo alikuwa anazitengeneza Mzee Kambale, Mkongo kutoka Butembo aliyekimbia vita vya kwao. Alikuwa na kibanda cha ufundi Wandegeya, kati ya duka la fotokopi na mama mmoja wa chapati, na kila wiki alipita getini na boksi kichwani au begani. Mimi na kalamu yangu tunamsubiri. Nitaandikaje kitu nisichokijua jina? Ikabidi niulize.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Hii inaitwaka pawa saplai, Mama. Inapokeaka umeme mubichi, inaupika, inagawia wengine wenye kuiva."

"Na hiki kidogo?"

"Hiyo ni ramu. Kichwa ya kukumbuka mambo ya leo. Ukizima, inasahau yote, kama mulevi."

Watu wengine wote walipita pale wakinijibu kwa kidevu. Yeye alitua mzigo, akanieleza mpaka mwisho, hata jua likiwa kali. Baada ya miaka miwili nilikuwa nazijua mashine za chuo kwa namba zake, ipi imetoka mara ngapi, ipi ilirudi na kifuniko kisicho chake. Siku moja anatoka na boksi, nikamsimamisha. "Mzee, umeandikisha mashine ya maktaba. Hii siyo. Ya maktaba namba yake inaishia na saba." Akalitua, akaligeuza, akasoma, akaanza kucheka. Alikuwa amechomoa mashine nzima ya mhadhiri akaiacha ile mbovu ya maktaba. Siku hiyo hiyo akaniambia, Mama, Jumamosi zako unafanyaka nini?

Jumamosi zangu zikawa zake. Jamani! Siku ya kwanza aliyonifungulia boksi la kompyuta, nilidhani nitaona uchawi. Kumbe kila kitu kina mahali pake, kila waya una mlango wake, na ukiukosea mlango hauingii. Nikasema moyoni, mbona hili ni geti tu! Nilirudi nyumbani nikaeleza habari za hadi diski, ile ghala ya mashine, mpaka Okot akalala kwenye kiti. Mwaka mzima nilikwenda, nikafungua na kufunga, nikaunguza vitu viwili ambavyo mzee hakunitajia tena, nikapata cheti kimoja cha darasa la jioni pale pale Wandegeya, karatasi nyembamba kuliko leso. Nilikuwa na miaka thelathini na minane.

Chuo kikanunua kompyuta mpya za ofisi zote, na Msajili akataka mtu wa kudumu wa kuzishughulikia, si fundi wa kupita. Akamwomba Mzee Kambale amletee kijana. Mzee akamwambia, kijana ya nini, chukua yule mama wa geti. Msajili wetu alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kukuangalia kwa muda kabla ya kusema, mpaka unaanza kukiri makosa ambayo hukuyafanya. Akaniita, akaniangalia hivyo.

"Miezi mitatu," akasema. "Utazunguka ofisi zote. Zikiridhika, kazi ni yako. Zikilalamika, tunaachana, Afande, bila ugomvi."

Nikaenda kuwaambia kampuni ya ulinzi. Nao hawakuzunguka: ukivua sare leo, leo hiyo hiyo anaivaa mwingine, hakuna kurudi. Mzee wangu Okot akauliza swali lake, "Yaani unaacha kiti cha getini, penye kivuli, unakwenda kutambaa chini ya meza za watu?" Nikamwambia ndiyo, nakwenda kutambaa. Nikavua sare. Watoto watatu walikuwa shule. Nikishindwa, sina geti, sina meza, nina cheti chembamba.

Siku ya kwanza nilivaa sketi ya kanisani, nikatia bisibisi mfukoni. Nikaingia ofisi ya walimu, nikasalimia, na walimu wanne wakafungua mikoba yao. Haki ya Mungu! Mikono yenyewe ilikwenda. Miaka tisa ya mazoea haitoki kwa siku moja. Nikawaambia, fungeni, leo nimekuja kupekua kompyuta. Mwalimu mmoja wa anatomia alikuwa na skrini nyeusi, na barua ya kuomba nyingine alikwisha kuiandika. Nikainama, nikaona chini ya skrini kile kigurudumu kidogo cha mwanga kimezungushwa mpaka mwisho. Nikakirudisha. Picha ikaja. "Afande, umefanya nini?" akauliza kwa heshima ambayo hajawahi kunipa. Nikasema nimerekebisha. Mngekuwa ninyi mngemweleza ukweli, na kesho angejitengenezea mwenyewe. Mimi nilihitaji jina. Nikaingia chini ya meza kupanga nyaya, Msajili akaingia kuangalia ninavyoendelea, nami kwa kusikia tu sauti yake nikasimama wima kupiga saluti. Meza ikanikumbusha ilipo. Nuru niliyoiona haikutoka kwenye skrini.

Vifaa vyangu alinipa Mzee Kambale, vitatu: bisibisi yenye sumaku kwenye ncha, brashi ya kupakia rangi kwa ajili ya vumbi, na kifutio cha penseli cha kusugulia meno ya ramu yakichafuka. Leo mna makopo ya hewa ya kupulizia. Mimi nilikuwa na mapafu. Akanipa na onyo. "Mama Afande, hapana kimbilia bisibisi. Bisibisi ni ya mwisho. Kwanza uliza muntu, kisha muulize tena. Mashini haidanganyake. Muntu ndiye anadanganyaka, na mara mingi hata yeye mwenyewe hajue."

Cha nne nilijiongezea mwenyewe, kitabu cha matukio. Askari bila kitabu ni raia aliyesimama. Kila nilipoitwa niliandika: siku, saa kwa hesabu ya polisi, mahali, kilichosemwa, nilichokikuta, nilichokifanya. Makarani walinicheka sana. "Afande anatuandikia kesi!" Acheni. Ninyi leo mnaita tiketi na mmenunuliwa programu yake.

Mwezi wa kwanza niliruka kwa furaha. Kwa kweli sina neno jingine. Naamka saa kumi na moja, nataka kufika. Printa iliyomeza karatasi, kibodi iliyomwagiwa chai, mhadhiri aliyepoteza kazi yake yote kumbe ameiweka kwenye diski ya mwenzake, kila kitu kilikuwa kipya na kila kitu kilitengenezeka. Nilikuwa napita koridoni nasikia, "Mwiteni Afande," si kwa sababu kuna mwizi. Ofisi zilikuwa kumi na moja. Kumi zilikuwa zangu.

Ya kumi na moja ilikuwa ya Nnaalongo.

Nnaalongo ni jina la heshima la Kiganda kwa mama wa mapacha, na huyu alilibeba kama cheo. Alikuwa karani mkuu wa mitihani, mama mnene, msafi, Msabato wa kweli, na hata Msajili alikuwa anabisha hodi kwake. Ofisi yake ilikuwa na makarani wadogo wanne na hakuna aliyeinua sauti. Mimi alikuwa hanijibu Kiswahili hata siku moja. Namsalimu kwa Kiswahili, ananijibu kwa Luganda, akiangalia ukuta. Luganda yangu ni ya sokoni, ya kununulia nyanya, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa mafupi. Nilipoingia mara ya kwanza aliwaambia makarani wake, na hiyo niliielewa vizuri, "Banange, jamani, sasa mitihani inashikwa na mtu wa geti?"

Na mashine yake ndiyo ikaanza kuzimika.

Si kuharibika, kuzimika. Anaandika alama za wanafunzi, inafika asubuhi ya kati, pap, skrini nyeusi. Alama ambazo hakuzihifadhi zimekwenda. Mahafali yalikuwa yanakuja, orodha ya alama za mwaka wa tatu ilitakiwa iwe tayari, na yeye anaandika darasa lile lile mara tatu. Naitwa, nakwenda mbio. Nnaalongo anasimama, anafunua mashine yake taratibu, ananipisha. Naifungua: safi. Naiwasha: inawaka. Nakaa nayo nusu saa, inafanya kazi kama imeokoka. Naifunga, naondoka. Siku ya pili, pap.

Nilibadilisha pawa saplai. Nilibadilisha ekstensheni. Nilisugua ramu kwa kifutio mpaka kifutio kikaisha. Nililaumu umeme, na nani Kampala hajawahi kulaumu umeme, lakini mashine nyingine nne za chumba kile kile hazikuzimika. Ilikuwa mashine yake peke yake, na ilikuwa mpya, na ilianza wiki ile ile niliyopanda kutoka getini. Mnaona hesabu inavyokwenda? Nnaalongo aliiona. Mwishoni mwa mwezi wa pili akamwandikia Msajili barua: tangu askari huyu aanze kugusa kompyuta ya mitihani inazimika kila siku, naomba aondolewe. Mmoja wa makarani alininong'oneza chooni. Nikaenda mbio kwa Mzee Kambale, nikamwomba aje aiangalie yeye.

"Nikuje mimi, itakuwa mashini yangu," akasema, hata hakuinua macho kwenye kazi yake. "Wewe unapenda ikuwe yako ao yangu?"

Nilikasirika naye mpaka Kawempe. Nikafika, nikatupa viatu, nikafungua kitabu cha matukio nikakisoma kama ninavyosoma kitabu cha geti mtu akiibiwa. Jumatatu saa 1105, imezima, fundi amefika, mashine ni nzima. Jumanne saa 1050, imezima, fundi amefika, mashine ni nzima. Jumatano hivyo. Alhamisi hivyo. Nikafungua ukurasa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nikafungua mwingine. Wiki saba, na hakuna Ijumaa hata moja! Wanaandika alama Ijumaa kama siku nyingine, tena sana, na mashine haizimiki.

Nikajiuliza swali la geti. Siku za kawaida mle ofisini kuna nini ambacho Ijumaa hakipo? Kwa lugha nyingine, Alhamisi jioni kinatoka nini?

Nikapiga ukelele, Okot akaangusha redio. Nilikuwa nakijua! Miaka tisa nimepekua mkoba wa yule mama. Kila Alhamisi jioni ulikuwa umevimba vitambaa, vile vya kufuma kwa kulabu, vyeupe, vya kufunika viti na meza na simu. Alikuwa anavibeba nyumbani afue na kupiga pasi Ijumaa jioni kabla jua halijatua, maana Jumamosi kwa Msabato haishikwi pasi. Jumatatu asubuhi vinarudi, vimenyooka, vina wanga. Na nini kilikuwa kinafunikwa sasa mle ofisini ambacho zamani hakikuwepo? Nilimwona kwa macho yangu akiifunua mashine kila nilipoingia! Akinifunulia kwa adabu, mashine inapumua, inapoa, inafanya kazi mbele yangu. Nikiondoka, anaifunika. Mimi ndiye nilikuwa dawa, na hakuna aliyejua.

Jumatatu nilifika kabla yake, nikajifanya napanga nyaya za printa pembeni. Nnaalongo akaingia, akaomba kidogo, akawasha kompyuta, akatoa kitambaa mkobani. Kilikuwa kizuri, nisiwe mwongo. Kizito, chenye maua ya mviringo, kimefumwa kwa kipimo cha ile mashine, kinaanzia juu ya skrini kinashuka nyuma mpaka mezani na kufunga boksi lote, mbele pameachwa wazi pa kusomea. Alikifuma kuikaribisha mashine mpya. Matundu yote ya hewa yalikuwa ndani ya kile kitambaa. Ilipofika saa nne na nusu nikapita nyuma, nikaingiza mkono chini. Moto! Nikautoa haraka. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka niseme. Ndugu zangu, fikirieni: barua yake iko mezani kwa Msajili, kazi yangu imebakiza wiki tano, na jibu liko mkononi mwangu, la moto kabisa, mbele ya makarani wanne ambao wiki saba wameambiwa mharibifu ni mimi.

Nikaufunga mdomo. Sikuwa mtakatifu, nilitaka sana kusema. Lakini nilimwangalia alivyokuwa anakinyoosha kile kitambaa kwa kiganja, nikaona siwezi.

Saa saba makarani wakaenda kula. Nikavuta kiti. Nikamwambia kwa Luganda yangu ya nyanya, na mahali iliponiishia nikatumia mikono, kwamba Nyabo, mama yangu, mashine inavuta hewa kama mtu, na kitambaa kimeiziba pua. Nikaushika mkono wake nikauingiza chini. Akautoa polepole. Kisha akanijibu kwa Kiswahili.

"Mimi nafuma hii wiki mbili," akasema. "Vumbi ya Wandegeya nyingi. Mimi natunza hii kompyuta kama mtoto. Kumbe mimi ndiye naua yeye?"

"Nyabo, unajua Kiswahili?"

"Najua. Najifunza kwa askari, kwa barabara, wakati ile ya vita. Simama. Toa kitambulisho. Lala chini." Aliyasema maneno yale kwa sauti ya kiume, na mkono ulikuwa bado juu ya kitambaa. "Hiyo ndiyo Kiswahili yangu. Kutoka ile siku mdomo yangu nakataa. Wewe unanisalimu, mimi nasikia wao."

Kiswahili changu kilitoka kwa baba yangu aliyevaa sare. Nikasema tu, "Pole, mama." Akasema, "Wewe, pale getini, ulikuwa unasema samahani kabla ya kushika mukoba. Mimi nasikia pia hiyo, lakini nakataa kusikia." Akakunja kitambaa mara mbili, mara nne, akakitia mkobani. Kisha akanishika kiwiko. "Afande, hawa wasichana watacheka. Usiambie mutu."

Nikamwambia siambii mtu.

Mashine haikuzimika tena. Alama zikaandikwa, orodha ikachapwa kabla ya siku yake, na kitambaa kikapata kazi mpya: kinavaliwa jioni kompyuta ikizimwa, kinavuliwa asubuhi. Makarani wakasema umeme umetengemaa. Mimi na Nnaalongo tukawa tunasalimiana, kidogo, kila mtu kwa lugha yake. Nikadhani yamekwisha. Barua nikaisahau, kumbe barua haisahauliki, barua inakaa kwenye faili.

Siku ya mwisho ya miezi mitatu Msajili akatuita ofisini kwake watu watatu, mimi, Nnaalongo aliyeandika malalamiko, na Mzee Kambale kama mtaalamu. Akasema ofisi kumi zimenisifu. Kisha akafungua faili akaisoma ile barua kwa sauti yake ya upole, neno kwa neno. Nnaalongo alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Mashine ilikuwa na nini?" akaniuliza.

"Joto, bwana. Ilikuwa inakosa hewa. Sasa inapata."

"Mashine mpya inakosaje hewa?"

"Matundu yalizibika."

"Na nini?"

Nikanyamaza. Akaniangalia kwa ule muda wake mrefu. Mzee Kambale alijisogeza kwenye kiti.

"Afande, barua inasema wewe ndiye uliyeiharibu. Kama kuna sababu nyingine, niambie. Kama huniambii, nitafanyaje? Itanibidi niiamini barua."

Niliwaona watoto wangu wote watatu wamepanga mstari. Kutamka neno moja tu, kitambaa, na kazi ni yangu. Na pembeni yangu kuna mama mtu mzima aliyeniomba jambo moja kwa lugha iliyomwumiza kuisema.

"Basi, bwana," nikasema, "iamini barua."

Sikujua kama ni mimi niliyesema. Msajili akachukua kalamu. Na hapo kiti cha Nnaalongo kikalia, akasimama, mzito na wima, akasema kwa Kiswahili, mbele ya mkubwa aliyemjua kwa miaka mingi bila kumsikia hata neno moja la lugha hiyo.

"Mimi ndiye nafunika. Kitambaa yangu. Huyu alijua, mimi nakataza yeye kusema. Leta barua yangu."

Akanyoosha mkono, na Msajili akampa barua kama mwanafunzi aliyekamatwa nayo. Akaichana vipande viwili, akavitia mkobani, akakaa. Mzee Kambale akasema "Eeh!" peke yake, polepole.

Msajili akanigeukia. "Ulijua tangu lini?"

"Wiki tano, bwana."

"Na ungetoka hapa leo, huna kazi, hujasema?"

Nilikuwa nimechoka, na nilipochoka Kiswahili cha kambini kikatoka chenyewe. "Bwana, miaka tisa nimepekua mikoba ya watu wote wa chuo hiki, kila jioni. Na wa kwako. Umewahi kusikia popote kilichokuwa ndani?"

Nikaona kabisa kwamba anaukumbuka mkoba wake. Akakohoa, akafunga faili, akalisukuma pembeni, kisha akavuta droo, akatoa kile kidaftari cha maneno ya siri ya kompyuta zote za chuo, ambacho hata Mzee Kambale hakuwahi kukishika, akakiweka mbele yangu.

"Kazi ni yako. Jumatatu anza na mashine yangu, imekuwa nzito sana," akasema. Akasita, akaishusha sauti. "Na Afande… humo ndani, ukikuta…"

"Sijakuta kitu, bwana," nikasema.